Jino Lililonyamaza

Leo asubuhi nimekula hindi la kuchoma. Nimelinunua kwa mama anayechomea kwenye kona ya ngazi za mtaa wetu, hapa Cimpunda, Bukavu, nikalitafuna nikiwa nimesimama, punje kwa punje, upande wa kushoto, mpaka likabaki gunzi tupu. Mama yule alidhani nina njaa. Sikuwa na njaa hata kidogo. Nilikuwa nasherehekea.

Naandika haya kwa sababu Dokta Zawadi, daktari wa meno aliyenitibu, ameniomba niwaandikie wanafunzi wake. Nawaandikia pia wale ambao sasa hivi wamekaa mahali na shavu limevimba, wakiambiwa mambo ya ajabu na watu wanaowapenda. Mimi nafundisha jiografia sekondari, naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, na kabla ya ugonjwa huu mtaa mzima ulinijua kuwa mtu wa maneno mengi. Mambo ya mizizi na mishipa waulizeni wenye kazi yao. Mimi nitawaeleza jinsi ilivyokuwa kuishi nyuma ya taya lililokataa kufunguka.

Ilianza kwa furaha. Mtoto wa kwanza wa Riziki alifaulu mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, akarudi nyumbani kichwa cheupe kwa unga aliomwagiwa na wenzake, na mama yake akachinja mbuzi. Riziki ni jirani yangu, ngazi chache chini ya kwetu, na ni rafiki yangu tangu siku tulipohamia. Ana mgahawa mdogo karibu na shule ninapofundisha. Walimu wanakula pale, na waendesha pikipiki, na hata padri akipita na njaa. Siku ile tulikuwa katikati ya kiangazi, vumbi limejaa hata kwenye majani ya mgomba. Nilikula, nikacheka huku nikitafuna, nikauma mfupa. Kitu kikalia ndani ya kichwa changu kama kijiti kikavu.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, lenye kiraka cha zamani. Nilililinda kwa sababu upande wa kulia nilikwisha ng'olewa mawili, na kutafuna kwangu kote kulikuwa hapo. Likaanza kuuma nikinywa maji baridi, kisha nikinywa chai, kisha bila kunywa chochote. Niliweka karafuu. Nilisukutua maji ya chumvi. Nilimeza vidonge vya duka la dawa. Kwa daktari wa meno sikwenda, maana kwetu wengi tunamjua kuwa mtu wa kung'oa tu, na mimi sikuwa na magego ya kugawa.

Halafu siku moja maumivu yakaisha. Niliamka, nikagusa jino kwa ulimi, nikanywa maji baridi kwa kuthubutu, na sikusikia kitu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa jikoni, watoto wakaitikia. Wanafunzi wa Dokta Zawadi, hapo ndipo naomba msimame kidogo. Mgonjwa atakayewaambia kwamba liliuma sana na sasa limepona lenyewe, mtazameni vizuri. Mimi niliimba zaburi jikoni kwa ajili ya jino lililokuwa limekufa.

Mvua zilianza pamoja na shule. Wakati huohuo nikaona kipele chini ya shavu, kwenye ukingo wa taya, kigumu kama punje ya haragwe. Kikapasuka, kikatoa usaha, kikafunga, kikarudi. Kwenye zahanati waliniambia ni jipu, wakanipa mafuta ya kupaka na plasta. Nilipaka. Kila asubuhi foronya ilikuwa na doa la njano, na kila asubuhi niliifua kabla watoto hawajaamka. Jino lilikuwa kimya kabisa, ndiyo maana sikulitaja kwa mtu yeyote, na hakuna aliyeniuliza.

Kisha shavu lote likavimba na taya likaanza kufunga. Kwanza sikuweza kuuma chapati. Baadaye kijiko hakikuingia isipokuwa kimelazwa. Mwishowe ncha ya kidole changu kidogo ndiyo iliyopita katikati ya meno. Nilikunywa uji na mchuzi tu. Pete ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni, nikaifunga uzi. Kitenge nilichozoea kuzungusha mara moja kikawa kinanizunguka mara mbili. Mdomo wangu ulikuwa na harufu ambayo mimi mwenyewe niliisikia, na niliona watoto wangu wakishika pumzi walipokuja kunibusu. Hilo liliniuma kuliko homa. Shuleni waliniletea mwalimu wa kunishikia darasa. Kwenye kwaya nilisimama mstari wa nyuma nikishikilia kitabu.

Mama mkwe alifika kutoka Mudaka akiwa na viazi vitamu na maharage mabichi. Ni mkulima, mjane, mwanamke wa mikono mikubwa, na ananipenda kama aliyenizaa. Ingekuwa rahisi zaidi kama asingenipenda. Alinitazama, akaketi, akaanza kuuliza kama wanavyouliza wakubwa wetu.

"Mbele ya kuvimba, ulikula kwa nani?"

Nilifikiri anataka kujua kuhusu ule mfupa. "Kwa Riziki," nikasema kupitia meno.

Alikunja viganja vyake mapajani, akatikisa kichwa polepole. "Njo ile, mutoto yangu. Balikupatia karuho."

Kwa asiye wa kwetu, karuho ni sumu ya polepole ambayo watu wanaamini huwekwa katika chakula au kinywaji. Unakonda, unakauka, unaisha. Ndiyo sababu kwetu chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, na mwenye nyumba huonja kwanza. Tunafanya hivyo bila kuwaza, kama tunavyonawa mikono. Lakini jina la mtu likishasemwa pamoja na neno lile, kuwaza kunaanza. Nimeona familia ikifungasha sufuria na magodoro na kuhama mtaa kwa sababu ya neno hilo. Na Riziki alikuwa anapikia watu kila siku.

"Apana, Maman," nikajitahidi. "Riziki apana."

Aliniwekea mkono kichwani kwa huruma. "Njo vile inafanyaka. Inakufunga kinywa, juu usiseme mutu mwenye alikupatia."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Ningekuwa na kinywa changu cha kawaida, ningeongea mpaka saa ya chakula, ningemtaja kila mtu aliyekula kutoka sufuria ileile, nikianza na padri. Mimi ndiye shahidi pekee aliyeweza kumtetea Riziki, na taya langu lililofungwa ndilo lililokuwa ushahidi dhidi yake. Nilipoandika kwenye simu na kumwonyesha, alisema hasomi maandishi madogo.

Alinipeleka kwa mama mmoja anayetoa karuho kwa dawa za majani. Sitamsema vibaya yule mama. Alinipokea kwa upole na kunitandikia mkeka. Lakini nawaambia, msijaribu kutapika na mdomo unaofunguka upana wa ncha ya kidole. Dawa ilipanda, haikupata njia, ikatokea puani. Nilidhani hapo ndipo ninapofia, juu ya mkeka wa watu, nikiwa na akili zangu zote. Yule mama akatazama ndani ya beseni, akaguna kama aliyekuta alichokuwa anakitafuta. Mama mkwe naye akaguna. Tukarudi nyumbani na mvua, na kabla hatujamaliza kupanda ngazi habari ilikuwa imetutangulia.

Riziki alikuja kesho yake na sufuria ya mchuzi wa samaki. Nilimwona kupitia dirisha. Alisimama mlangoni, akafunua kifuniko, akachota kwa kijiko, akanywa, akameza, akasubiri kidogo ili mama mkwe aone. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Mama mkwe alipokea sufuria kwa mikono miwili, akashukuru kwa heshima, akafunga mlango, akaenda kumwaga mchuzi wote kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Ule mtaro unapita mbele ya kwa Riziki.

Alikuja tena siku iliyofuata, na nyingine, na sufuria ileile. Siku ya nne mlango haukufunguliwa. Kwenye mgahawa wake walimu walianza kusema wamefunga, wengine wakawa wanakuja na mkate kutoka nyumbani. Waendesha pikipiki wakahamia ng'ambo ya barabara. Watoto wake waliacha kupita njia ya kisimani. Nami nilikuwa kitandani, hasira imenijaa hadi kwenye masikio, na sina hata upana wa mdomo wa kuitolea.

Mume wangu, Papa Baraka, anafanya kazi katika ofisi ya shirika moja Kamituga. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, malori yamelala kwenye matope, na habari zangu zote alikuwa akizipata kwa mama yake kwa simu. Alifika wiki ya Noeli juu ya pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Aliingia chumbani, akanitazama, akageuka kutazama nyuma yake kana kwamba mke wake yuko sehemu nyingine. Kisha akaketi kando ya kitanda na kulia bila kujificha. Tangu tumeoana sikuwahi kumwona akilia.

Mama yake alisimama mlangoni. "Uende kwanza kwa ule Riziki. Aseme dawa ya kuondoa."

"Maman," akasema mume wangu, bado amenishika mguu, "mambo ya batu tutaongea kisha. Kwanza hospitali."

Nitamshukuru kwa sentensi ile mpaka uzeeni.

Hospitalini tulianza kwa daktari wa ngozi, kwa sababu jipu ni la ngozi. Benchi lake ni refu na la mbao, na limelainika kwa makalio ya wagonjwa. Alibonyeza pale penye tundu, akatazama usaha ukitoka, akaniuliza kama nimewahi kuonyesha meno. Nikatikisa kichwa. Meno yangu hayaumi, nikamwandikia. Alisoma, akatabasamu, akatuelekeza chumba cha chini, kwa watu wa meno.

Benchi la meno ni tofauti na mabenchi mengine ya hospitali. Hakuna anayeongea. Kila mtu ameshika shavu lake, mwingine amefunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, na mlango ukifunguka wote wanatazama chini. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akinung'unika sala zilezile. Nilikaa katikati yao nikajisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, maana hapo hakuna aliyenishangaa.

Tulikuwa tumesubiri sana Riziki alipotokea kwenye mlango wa korido. Sijui nani alimwambia tuko pale. Alikuwa na termosi ya uji na mirija miwili iliyofungwa kwenye kitambaa safi. Alimsalimia mume wangu, ambaye aliitikia huku anatazama ukuta. Kisha akafungua termosi, akatia mrija mmoja, akavuta uji, akameza mbele yetu. Akautoa mrija ule, akauweka mfukoni, akatia wa pili, akanipa.

"Kunywa, Maman Baraka. Iko ya soya, nimeichuja mara mbili."

Nilikunywa. Uji ulikuwa wa vuguvugu, mtamu, laini kabisa. Nilimwona mume wangu akitazama mfuko ulimoingia mrija wa kwanza. Kisha alijisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa. Riziki akakaa.

Dokta Zawadi ni mfupi, miwani yake hukaa utosini kuliko machoni, na siku ile alikuwa na wanafunzi wake wamemzunguka kama vifaranga. Aliniomba ruhusa kabla hawajanikaribia. "Maman, unakubali bano banafunzi baangalie? Batajifunza kwako." Nilikubali. Kwa miezi watu walikuwa wakinitazama bila kuniomba.

Akaniuliza polepole, nikajibu kwa kichwa na kwa simu. Akapitisha kioo kidogo pale kilipoweza kupita. Akagusa meno yangu moja baada ya jingine kwa pamba yenye baridi kali, na kila alipogusa nilirusha mkono. Alipofika kwenye gego la kushoto, mkono wangu haukurushwa.

"Hii unaisikia?"

"Apana."

"Na sasa?"

"Apana, Dokta. Hiyo haiumake. Njo jino yangu ya muzuri."

Mwanafunzi mmoja alitaka kucheka. Dokta Zawadi hakucheka. "Jino yenye inalia, mi siiogopake sana," akawaambia. "Yenye inanyamaza hivi njo naogopaka."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua kitu kama uzi, chembamba, cha rangi ya waridi, laini kama tambi, akakiingiza taratibu kwenye tundu la shavu langu, kwa nje, kupitia ngozi. Nilikaza vidole kwenye kiti, lakini hakikuuma. Kiliingia, kikaendelea kuingia, kama kinachojua njia. Kilipogoma akakiacha hapohapo na kunipiga picha ya mfupa.

Aliishika picha juu ya mwanga ili wote tuone. Ule uzi ulionekana kama mstari mweupe. Ulianzia kwenye ngozi, ukapinda, ukapita ndani ya taya, ukaenda kusimama kwenye ncha ya mzizi wa gego langu la kushoto, katikati ya doa jeusi. Kila mwaka nawafundisha watoto jinsi maji yanavyozama mahali na kuchomoza mbali, mpaka mtu wa bondeni asijue chemchemi yake inatoka mlima gani. Niliuelewa ule mstari kabla hawajanieleza.

Mume wangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Dokta, na karuho?"

Namheshimu Dokta Zawadi kwa mengi, lakini zaidi kwa jibu lile, maana hakumdharau. Aliweka kidole kwenye picha. "Papa, usaha inaanzia hapa. Inapita hapa. Inatokea hapa. Hakuna mutu mwenye aliiweka. Iko jino ilipasuka, ikafa, ikaoza ndani."

Mume wangu aliomba picha, akatoka nayo. Mlango ulibaki wazi kidogo, na kutoka kwenye kile kiti niliona benchi. Aliketi karibu na Riziki, akainua picha kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha mstari kwa kidole, mwanzo hadi mwisho. Riziki aliutazama muda mrefu. Kisha akavuta kitenge chake, akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Nami nikalia pale kwenye kiti, machozi yakiingia masikioni, na wanafunzi hawakujua watazame wapi.

Kilichofuata kilichukua msimu mzima, na sitadanganya kwamba kilikuwa raha. Kwanza walitoa usaha na kunipa dawa za kupunguza uvimbe na homa. Kisha tukaanza kazi ya kufungua taya. Dokta alinipa vijiti bapa vya mbao, kama vile vinavyotumika kukandamiza ulimi. Unavipanga pamoja, unaviuma, unavumilia, na vikilegea unaongeza kimoja katikati. Mwaka mpya ulinikuta nikiuma vijiti. Watoto waligeuza mchezo: kila kijiti kilipoongezwa walipiga makofi na kutangaza mlangoni kana kwamba timu imefunga bao. Siku niliyoweza kupiga mwayo kamili nilikaa chini nikapiga mingine ya makusudi.

Mdomo ulipofunguka vya kutosha, Dokta Zawadi alituambia kuna njia mbili, kung'oa au kuliokoa. Mume wangu, aliyekuwa amelichukia jino lile kama mtu, alisema ling'olewe na litupwe ziwani. Nilisema hapana. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ndefu baada ya miezi, na niliielekeza kwake: nimekunywa uji mpaka nimesahau sura ya nyama, hili ndilo gego langu la kutafunia, atakayetaka kung'oa aanze na ya kwake.

Basi likaokolewa. Walinifunika mdomo kwa kipande cha mpira chenye tundu moja, jino peke yake likichungulia. Wakalitoboa juu. Harufu iliyotoka ilimfanya mwanafunzi mmoja arudi nyuma, na niliona aibu, lakini Dokta alisema, "Muache itoke, hii njo ilikuwa inamusumbua Maman." Wakaingiza visindano vyembamba, wakawa wanakwangua na kuosha kwa maji yenye harufu ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, wanakwangua na kuosha. Nilisikia sauti tu. Mikono yangu haikujua pa kukaa, hivyo nilihesabu mito ya Kongo kwa alfabeti. Wakatia dawa ndani, wakaziba kwa muda, wakanipa siku ya kurudi. Nilirudi chini ya mvua ya Februari, nikarudi tena njia zikiwa zimeporomoka, mara nyingine nikishuka ngazi za Cimpunda kwa makalio.

Halafu asubuhi moja niligeuza foronya na haikuwa na doa. Niliigeuza upande wa pili. Safi. Nikaenda nayo kwenye mwanga wa mlango, nikaita nyumba nzima. Mume wangu alikuwa Kamituga, nikampigia na kumwambia foronya ni nyeupe, naye akapiga kelele za furaha ofisini kwa watu. Tundu lilikuwa limefunga. Leo pamebaki kibonyeo kidogo kwenye ukingo wa taya, na watu wasiojua husema nina kidimbwi cha urembo.

Lakini nilikuwa napona peke yangu. Riziki alikuwa bado anaumwa ugonjwa wangu. Mgahawa wake ulikuwa unafunguliwa kila asubuhi na kufungwa na sufuria zikiwa zimejaa. Mume wangu alikuwa amempa mama yake ile picha, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akamweleza kila kitu kwa Mashi, lugha ya kwao, polepole. Mama mkwe alisogea karibu, akatazama, akarudi nyuma.

"Picha inaonesha mufupa," akasema. "Haioneshe sahani."

Kesho yake alirudi Mudaka kupanda maharage. Hakusema neno baya. Mtaa nao ulisikia kwamba mama mkwe ameondoka bila kukubali, na hilo likatosha.

Nilichofanya baadaye sikukifanya kwa ushujaa. Nilikifanya kwa sababu nilikuwa nimekopeshwa mdomo mpya na sikutaka ukae bure. Baada ya Pasaka, mzizi ulipokwisha zibwa na jino kuvalishwa kofia yake, nilitoa shukrani kanisani kama desturi yetu mtu akipona. Niliimba kwanza. Sauti ilipanda ikafika pale ilipokuwa inafika zamani, na kwaya nyuma yangu ikachanganyikiwa kwa furaha. Kisha nikashika kipaza sauti.

Niliongea. Waulizeni waliokuwepo, wanasema niliongea kuliko padri. Nilisimulia mfupa wa mbuzi, jino lililonyamaza, uzi wa waridi, na picha nikaiinua juu. Nikawaambia: walionipa karuho ni mimi na mfupa. Kila sufuria iliyoletwa mlangoni kwangu na ikamwagwa ilikuwa ya Riziki, na kama ningeinywa nisingekonda vile. Nikamalizia kwa kuwaalika wote kwangu, na nikasema wazi mpishi ni nani.

Walikuja. Watu wa Bukavu hawakosi karamu. Lakini ua ulipojaa na sufuria zikafunuliwa, bugali, sombe ya majani ya muhogo, visamaki vya sambaza vya kukaanga, nyama ya mbuzi, kila mtu alishika sahani yake na kugundua kwamba mwenzake ndiye anapaswa kutangulia. Walimu waliongea kuhusu mvua. Mama mmoja wa kwaya alifunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Riziki aliona. Alikuwa amezoea kuona. Akachukua kijiko, akakisafisha kwa kitambaa, akaenda kwenye sufuria ya kwanza ili aonje moja baada ya nyingine mbele yetu sote.

Hapo ndipo mama mkwe aliposhuka ngazi, amechelewa, amebeba kichwani jerikeni la kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Nilimtumia ujumbe aje, hakunijibu. Aliweka jerikeni chini. Akatazama ua, sahani tupu, Riziki na kijiko chake kikiwa karibu na mdomo.

"We, Riziki. Weka kijiko chini."

Riziki akakiweka. Mama mkwe akanawa mikono yake mikubwa, akachukua sahani, akajipakulia mwenyewe: bugali, sombe mpaka ukingoni, na kipande cha mbuzi. Akakaa kwenye kiti cha kwanza, mbele ya wote. Akamega tonge, akachovya, akala. Akala la pili. Ua wote ulikuwa unamtazama akitafuna, nami nilikuwa natafuna pamoja naye bila kitu mdomoni.

Akameza, akainua uso.

"Sombe yako inakosa chumvi," akamwambia.

"Naileta, Maman," Riziki akasema, akakimbia jikoni, na nyuma yake watu wote wakapanga foleni.